UZI MAALUMU: Ukitaka kumpima Sherlock Holmes wa kisasa, mtazame Watson

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila mada ya Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni, inapoibuka, mabishano huwa yale yale: nani mkali kwa kumwigiza, Benedict Cumberbatch wa Sherlock ya BBC au Jonny Lee Miller wa Elementary? Wahenga wanamtaja Jeremy Brett wa runinga ya zamani, vijana wanamleta Robert Downey Jr. wa kwenye sinema, na kufikia ukurasa wa pili watu wameshaanza kutupiana maneno. Mimi naona tunampima mtu asiye. Katika tamthilia zote za Sherlock wa zama hizi nilizozitazama, anayeamua kama kazi itasimama au itaanguka ni Watson, daktari rafiki yake. Naomba nieleze kwa kirefu, maana jambo hili nalipenda sana.

Tahadhari: nitafichua miisho. Ambaye hajamaliza Sherlock ya BBC, Elementary au House, aupitie uzi huu baadaye.

Tuanze na vitabu. Arthur Conan Doyle alisomea udaktari Edinburgh, na alipomchonga Holmes alikuwa anamkumbuka mwalimu wake, Dkt. Joseph Bell, aliyeweza kumtazama mgonjwa akataja kazi yake na atokako kabla hajafungua kinywa. Riwaya ya kwanza ilitoka 1887. Hadi 1927 Doyle alikuwa ameandika riwaya 4 na hadithi fupi 56, na karibu zote msimulizi ni Watson. Humo msomaji haingii kichwani mwa Holmes hata siku moja. Anasimama ubavuni mwa daktari wa jeshi aliyerudi na jeraha kutoka vita vya Afghanistan, anaona kile anachokiona, anapigwa na butwaa naye.

Zipo hadithi mbili tu ambazo Holmes anasimulia mwenyewe, zote za 1926, na katika moja analalamika kwamba Watson amemtupa akaenda kuoa. Zitafuteni mzisome. Upelelezi upo, lakini utamu umepungua, kwa sababu mtu anayejua kila kitu akijisimulia anabanwa pande mbili: ama atuoneshe jibu mapema, ama atufiche kwa makusudi. Kukiwa na Watson, siri inafichika yenyewe bila mwandishi kutudanganya.

Sasa njoo kwenye televisheni. Kamera inaona kila kitu, na mtazamaji anaona bila kusimuliwa. Ile kazi kubwa ya Watson imechukuliwa na mashine. Kila anayemleta Holmes kwenye runinga analazimika kujibu: huyu daktari atafanya nini? Majibu yaliyotolewa ndiyo yanayotenganisha tamthilia nzuri na mbaya.

BBC walianza Julai 2010. Waandishi wake, Steven Moffat na Mark Gatiss, walimwondoa Holmes kwenye ukungu wa taa za gesi wakamweka London ya simu za mkononi na teksi nyeusi. Waliposhika vitabu kwa mapenzi, ilionekana. Watson wa 1887 alitoka vitani Afghanistan, na John Watson wa 2010 naye katoka vitani Afghanistan; miaka zaidi ya mia imepita na sentensi haikuhitaji kubadilishwa. Kwenye riwaya ya pili Holmes anaikagua saa ya mfukoni ya Watson na kuyasoma humo maisha ya kaka yake mlevi. BBC wakaifanya simu, na mikwaruzo kwenye tundu la chaji ikasema yale yale: mkono wa mlevi unatetemeka anapochomeka waya usiku. Kiko kikawa plasta za nikotini mkononi, na shajara ya Watson ikawa blogu.

Lakini kilichonishika mimi kwenye sehemu ya kwanza ni mguu wa John. Vitabuni Doyle aliliweka jeraha la Watson begani katika riwaya moja na mguuni katika nyingine, na wapenzi wa vitabu wamebishana juu ya hilo miaka nenda rudi. BBC wakalitatua kwa namna iliyonifanya nisimame: risasi ilimpata begani, ila anachechemea kwa sababu akili yake haijatoka vitani. Anatembea na mkongojo kwa maumivu yasiyo na kidonda. Kisha Sherlock anamkurupusha usiku, wanaifukuza teksi juu ya mapaa na vichochoroni, na mkongojo unasahaulika mgahawani. Kabla sehemu haijaisha John amempiga muuaji risasi kupitia dirisha la jengo jingine ili kumwokoa mtu aliyemjua jana tu. Hapo tumeelezwa wote wawili bila hotuba. Sherlock anahitaji mtu wa kumzuia asife kwa ajili ya kutaka kuonekana na akili, na John anahitaji mtu wa kumrudishia sababu ya kuamka asubuhi.

Misimu miwili ya kwanza ilisimama juu ya nguzo hiyo. Angalia mwisho wa msimu wa pili, Januari 2012. Sherlock anajirusha kutoka juu ya hospitali ya St Bartholomew's, lakini kamera haibaki naye, inabaki na John barabarani. Na baadaye John yuko makaburini, mwanajeshi mzima, anamwomba rafiki yake asiwe amekufa. Martin Freeman (John) alicheza pale kwa kiwango ambacho, kwangu mimi, hakuna mwingine katika tamthilia ile aliyekifikia.

Kisha mambo yakaanza kwenda mrama. Msimu wa tatu una hotuba ya Sherlock, ambaye kumbe hakufa, kwenye harusi ya John, na ile naipenda kwa moyo wote. Ila taratibu macho ya tamthilia yakahama. Tukaanza kuishi ndani ya kichwa cha Sherlock, kwenye lile kasri lake la kumbukumbu. Mary, mke wa John, akageuka kuwa muuaji wa kukodiwa mstaafu. Msimu wa nne, 2017, ukaleta dada wa siri, Eurus, aliyefungwa kisiwani na mwenye uwezo wa kumwendesha binadamu yeyote kwa maneno. Katika sehemu ile ya mwisho John anafanya nini? Anafungwa minyororo kisimani, maji yanapanda, anasubiri kuokolewa. Na maneno ya kufunga tamthilia nzima hayakusemwa na yeye. Aliyeyasema ni Mary, aliyekwisha kufa, kupitia rekodi. Blogu ilikuwa ya John, hadithi ilikuwa ya John, na mwishoni hata sauti wakampokonya.

Wengi wanasema msimu wa nne uliharibika kwa sababu matukio yalipita kiasi. Mimi nasema Holmes wa vitabuni alikumbana na mambo ya ajabu vilevile. Tofauti ni kwamba palikuwa na mtu wa kawaida kando yake aliyetufanya tuyaamini.

Nikija Elementary, najua wengi mliiacha mapema. CBS ya Marekani waliianza Septemba 2012 chini ya Robert Doherty, ikamalizika Agosti 2019, misimu 7, sehemu 154. Sherlock yuko New York, ametoka kwenye matibabu ya uraibu, na Watson ni Joan, aliyechezwa na Lucy Liu: daktari bingwa wa upasuaji aliyeacha kazi baada ya kumpoteza mgonjwa mezani, sasa analipwa kukaa na waraibu wiki za mwanzo baada ya matibabu ili wasirudi nyuma. Baba yake Sherlock ndiye anayemlipa. Kwa hiyo kuanzia dakika za kwanza Watson ana kazi yake, ana ujuzi ambao Sherlock hana, na ana haki ya kumwambia hapana.

Kisha Sherlock anamfundisha upelelezi, naye anajifunza kweli. Miezi inapita, anakosea, anarudia, anafungua kesi zake mwenyewe. Mwisho wa msimu wa kwanza Moriarty, adui mkuu wa Holmes, anaibuka kuwa ndiye Irene Adler, mwanamke ambaye Sherlock aliamini ameuawa na ambaye kifo chake kilimtumbukiza kwenye heroini. Sherlock hawezi kumshinda, kwa sababu Moriarty anamjua ndani nje. Anayemsoma Moriarty na kumtegea mtego ni Joan, mtu ambaye Moriarty alimdharau. Na sehemu hiyo inafungwa juu ya paa la nyumba, Sherlock akiwa na nyuki wake: jamii mpya ya nyuki imezaliwa kwenye mzinga, naye ameipa jina la Watson. Hakuna kukumbatiana, hakuna machozi. Mtu asiyejua kusema nashukuru amesema.

Kuna na House, tamthilia ya daktari aitwaye House, iliyorushwa na Fox kuanzia 2004 hadi 2012. Wapo wasiojua kwamba ni Holmes aliyevishwa koti la daktari. Nyumba yake ni namba 221B kama ya Holmes vitabuni, dawa za maumivu zimechukua nafasi ya kokeini ya Holmes, mgonjwa wa kwanza kabisa anaitwa Adler, na rafiki yake wa pekee ni daktari wa saratani aitwaye Wilson. Tamthilia inaishaje? Wilson ana saratani, amebakiwa na miezi mitano, na House anadanganya kwamba amekufa, anaichoma kazi yake yote, ili apande pikipiki waende pamoja. David Shore aliyeibuni alijua ameandika habari za nani tangu mwanzo.

Nimemaliza hoja yangu. Anayepinga aje na mifano.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, uzi umeshiba, ila kwenye BBC umewaonea. Sherlock ni sehemu 13 tu ukihesabu na ile ya Januari 2016 ya enzi za Malkia Victoria. Kila moja ni dakika tisini hivi, yaani sinema nzima. Elementary walikuwa wanatoa sehemu 24 kwa mwaka. Ukiwa na saa zaidi ya mia moja utashindwaje kumkuza Watson polepole?

Halafu tuseme ukweli, kwa utengenezaji BBC walibadilisha kazi ya watu wengi. Yale maneno ya simu kuelea hewani kwenye kioo, badala ya kamera kuonesha kiganja cha mtu akisoma ujumbe, mwongozaji Paul McGuigan aliyafanya kwenye sehemu ya kwanza kabisa. Sherlock akiingia mahali penye maiti tunaona anachokisoma: pete imesuguliwa ndani lakini nje haijasuguliwa, kola ya koti ina unyevu na mwavuli ni mkavu. Doyle angekuwa hai angeshangilia. Elementary kwa upande huo ni tamthilia ya polisi ya kawaida: maiti dakika ya tatu, mshukiwa wa uongo dakika ya ishirini, muuaji dakika ya arobaini.

#3 – Mleta uzi

Mkuu wa #2, kwenye utengenezaji nakupa haki yako, na hata muziki wa David Arnold na Michael Price bado naucheza. Ila angalia hoja yako inakopelekea. Yale maneno yanayoelea ndiyo yalianza kutuhamishia kichwani mwa Sherlock. Mwanzoni yalikuwa machache, na John alibaki kuuliza maswali yetu. Kufikia msimu wa tatu skrini imejaa, mtazamaji hamhitaji tena John amuulizie. Chombo kizuri kilizidishiwa kazi.

Na muda si hoja. Sehemu ya kwanza ya BBC iliweza kumjenga John mzima ndani ya dakika tisini. Uwezo walikuwa nao.

Kuhusu Elementary kuwa na mpangilio unaojirudia, ni kweli, na kuna kesi nyingi mle nisizozikumbuka kabisa. Sikuitazama kwa ajili ya kesi.

#4 – Mchangiaji

Naomba kuongeza la Irene Adler, maana naona wanaume mnampita haraka.

Kwenye hadithi ya 1891 Irene anamshinda Holmes. Siyo kwa mapenzi wala kwa kumtoa roho. Anamtambua akiwa amejibadilisha sura, anamfuata hadi mlangoni amevaa mavazi ya kiume, anampa hi, na asubuhi ameshaondoka na mume wake na ile picha ambayo Holmes alitumwa kuichukua. Holmes anaomba kubaki na picha nyingine, ya Irene peke yake, kama ukumbusho. Ni mwanamke wa 1891 huyo!

BBC wakamleta Januari 2012, Lara Pulver akacheza vizuri mno, na kwa muda mrefu anakwenda sambamba na Sherlock. Kisha mwishoni Sherlock anapima mapigo ya moyo wake kwenye kifundo cha mkono, anagundua kwamba Irene amempenda, na hilo ndilo neno la siri linalofungua simu ya Irene na kumwangusha. Anaanza kulia na kuomba. Halafu huko Karachi anakaribia kukatwa kichwa, Sherlock anatokea kumwokoa. Mwandishi wa zaidi ya miaka mia iliyopita alimwachia huyu mama ushindi wake, wa karne hii wakamnyang'anya. Iliniuma na hadi leo inaniuma.

Elementary wenyewe hawakumwacha salama, Irene wao ni Moriarty na anashindwa. Lakini anashindwa na Joan. Angalau ubongo uliomshinda ni wa mwanamke mwenzake ambaye hakutegemea udhaifu wa moyo peke yake.

#5 – Mchangiaji

Vijana, msidhani kumleta Holmes zama zetu ni jambo la 2010. Basil Rathbone aliigiza sinema 14 kati ya 1939 na 1946. Mbili za kwanza zilikuwa za enzi ya Victoria, lakini kampuni ya Universal ilipozichukua kuanzia 1942 ikamhamishia Holmes kwenye dunia ya wakati ule, anapambana na majasusi wa Hitler. Moffat na Gatiss wamekiri wazi kwamba walizipenda na zilisaidia kuwapa moyo.

Na hoja ya mleta uzi inathibitika hapohapo. Watson wa sinema zile, Nigel Bruce, alifanywa mzee mpumbavu wa kuchekesha. Anaguna, anajikwaa, haelewi. Watu walimpenda, ila aliacha doa lililokaa miaka mingi, hadi ikaonekana Watson kazi yake ni ujinga. Kama daktari ni mpumbavu, kwa nini mtu mwenye akili kama Holmes aishi naye?

Aliyeliondoa doa lile ni televisheni ya Granada ya Uingereza, 1984 hadi 1994, na Jeremy Brett. Walifuata vitabu kwa karibu, na Watson wao, kwanza David Burke kisha Edward Hardwicke, ni daktari mwenye heshima, mtulivu, jasiri. Brett alikuwa mgonjwa miaka ya mwisho na inaonekana usoni kwake, na namna Hardwicke anavyomtazama Holmes wake kwa wasiwasi wa kweli inanigusa kuliko kesi zenyewe. Alifariki 1995 kabla hajazimaliza hadithi zote. Kwangu hao ndio kipimo.

#6 – Mchangiaji

Mimi nina swali la kiufundi. Siku hizi kuna kamera kila kona, simu inaonesha ulipo, kuna vipimo vya DNA. Holmes wa 1887 alikuwa anasoma majivu ya sigara na matope ya viatu kwa sababu hakukuwa na kingine. Sasa hivi akiwepo si maabara ya polisi inamaliza kazi? Kwa nini bado tunamwamini?

#7 – Mleta uzi

Swali zuri sana, kaka. Jibu liko kwenye sehemu ya kwanza ya BBC. Simu ya marehemu imepotea, wanaitafuta kwa setilaiti, na alama inaonesha iko 221B Baker Street, nyumbani kwao kabisa. Mashine imesema kweli tupu. Lakini haikusema maana yake. Polisi wako sebuleni wanapekua, kila mtu anadhani ni hitilafu. Sherlock ndiye anajiuliza: nani anaweza kupita popote mjini, tukampa imani yetu bila kumjua, na asionekane hata akiwa katikati ya umati? Dereva wa teksi, amesimama chini mlangoni. Na hilo halikubuniwa 2010. Muuaji wa riwaya ya 1887 alikuwa dereva wa gari la farasi, na vidonge viwili vya kuchagua, kimoja sumu, vilikuwepo vilevile.

Yaani data zimeongezeka, anayejua kuuliza swali sahihi bado ni adimu.

Mfano mwingine ni ule wa mbwa wa Baskerville. Kwenye riwaya ya 1901–1902 watu wanaogopa mbwa wa kishetani wa laana ya ukoo. BBC 2012 wakajua kwamba mtazamaji wa leo haogopi laana ya ukoo wa kitajiri wa Kiingereza, wakaweka kambi ya siri ya jeshi inayofanya majaribio, na hofu inatoka kwenye gesi inayowavuruga watu akili. Kinachoogopwa kimebadilika, na nyuma yake bado kuna binadamu anayefaidika na hofu hiyo.

#8 – Mchangiaji

Hapo kwenye hofu na mizimu umenikumbusha nyumbani Unguja. Ndugu zangu, tusimzungumze Holmes kwa Kiswahili tukamsahau Bwana Msa.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, ikashinda mashindano ya uandishi ya Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki 1957–58, ikachapishwa 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mvuta kiko, mtulivu, si polisi, na pembeni yake yuko Najum. Wahakiki wamekwisha kusema wazi kwamba ni Holmes na Watson. Lakini hakunakili. Watu wanaogopa mzimu, Bwana Msa anatafuta mkono wa mtu, kama vile Holmes kwenye ile hadithi ya mbwa, ila uhasama wenyewe ni wa mashamba, nasaba, ndoa na urithi, mambo ya visiwani kwetu. Zikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyingine.

Mimi nikiangalia hoja ya Watson, naona Najum anaitia nguvu. Bwana Msa ana maneno machache na hajiingizi katika mapenzi wala ugomvi wa watu. Bila Najum mwenye pupa, anayekisia na kukosea kama sisi, usingeweza kukaa naye kitabu kizima.

Swali langu kwa watengenezaji wetu: tamthilia zetu za mapenzi na mama wakwe zimejaa kila king'amuzi. Tumeona Wajapani walichofanya na Miss Sherlock 2018, sehemu 8 tu, Sherlock na Watson wote wanawake, Tokyo. Bwana Msa tunamsubiri wapi?

#9 – Mleta uzi

Ndugu wa Unguja, ahsante. Umeutia uzi uzito. Miss Sherlock niliitazama, na marehemu Yuko Takeuchi aliicheza Sherlock kwa ubaridi wenye huruma ndani yake. Watson wao ni daktari aliyerudi kutoka kujitolea Syria. Tena vita. Kila kizazi kina vita yake ya kumrudisha Watson nyumbani akiwa amevunjika.

Ningetamani Bwana Msa apigwe picha katika mitaa yenyewe ya Mji Mkongwe na mashamba ya karafuu, kwa lafudhi yenyewe, na Najum apewe kijana anayejua kusikiliza. Si lazima waliweke miaka hii. Zanzibar ya miaka ya hamsini ina mambo ya kutosha.

Kuna jambo moja nililiacha kwenye #1 na linahusu moyo wa Holmes. Katika hadithi moja ya 1924 Watson anapigwa risasi pajani. Holmes anamrukia muuaji, kisha anamkimbilia rafiki yake, midomo inatetemeka, anamwomba aseme hajaumia. Watson anasimulia kwamba kwa mara ile moja aliona kwamba nyuma ya akili ile kubwa kulikuwa na moyo mkubwa, na kwamba jeraha lilistahili kwa ajili ya kuliona hilo. Miaka yote ya utumishi wake ililipwa dakika ile.

Sasa sikilizeni. Warithi wa Doyle walikuwa bado na hakimiliki Marekani kwa hadithi za mwishoni, za 1923 hadi 1927. Mahakama ya rufaa iliwaambia 2014 kwamba Holmes wa hadithi za kabla ya 1923 ni wa umma. Hata hivyo 2020 walifungua kesi dhidi ya filamu ya Enola Holmes, ya dada yake Sherlock, wakidai kwamba Holmes mwenye hisia na huruma anatoka katika zile hadithi za mwisho, kwa hiyo ni mali yao. Kesi iliondolewa mwaka uleule kwa makubaliano, na tangu 1 Januari 2023 hadithi zote ziko huru Marekani. Lakini hebu fikirini: mawakili walibishana kuhusu nani anamiliki wema wa Sherlock. Mimi ningewaambia wasome tena zile za mwanzo. Holmes anamwomba Watson msamaha, anamtuma kwa daraka, hataki kwenda bila yeye. Upendo ulikuwepo tangu zamani, ulikuwa umebebwa na anayesimulia.

#10 – Mchangiaji

Mleta uzi, CBS mwaka 2025 wameanzisha tamthilia inaitwa Watson kabisa, Morris Chestnut ndiye daktari, Holmes anahesabiwa amekufa kwenye maporomoko ya maji ya Reichenbach pamoja na Moriarty. Hoja yako imeshinda au imeshindwa?

#11 – Mleta uzi

Imepata mtihani, mkuu. Wamemweka Watson Pittsburgh kwenye kliniki ya magonjwa ya kurithi, na kwa wazo tu nawapongeza. Lakini kumtoa Holmes kabisa ni kosa lilelile la BBC kwa upande wa pili. Watson akibaki peke yake anakuwa daktari mwerevu kati ya madaktari werevu wengi wa runinga. Hawa wawili hawagawanyiki. Nilichosema ni tumtazame Watson ili tumjue Holmes, sikusema tubaki na mmoja.

#12 – Mchangiaji

Mimi sijawahi kutazama hata moja, nimesoma uzi wote na mmeshanifichulia kila kitu, lakini bado nataka. Nianzie wapi wakuu?

#13 – Mleta uzi

Karibu sana. Kujua mwisho hakutakupunguzia kitu, hizi watu huzirudia.

Anza na BBC misimu miwili ya kwanza, sehemu sita. Ukifika makaburini pumzika siku kadhaa, maana aliyeitazama 2012 alisubiri hadi Januari 2014. Kisha sehemu ya kwanza ya msimu wa tatu, uone John anavyompokea aliyefufuka: kwenye kitabu Watson alizimia, huyu anamvamia na kumpiga, na nadhani zote mbili ni majibu ya mtu aliyeomboleza kweli. Tazama na harusi. Msimu wa nne uutazame ukitaka, ila sehemu ya pili, ile ya Culverton Smith aliyechezwa na Toby Jones, usiikose.

Kisha ingia Elementary msimu wa kwanza wote bila kuruka, hata kesi zikikuchosha, kwa sababu Joan anabadilika kidogo kidogo na ukiruka utamkosa. Ukiwa hapo kumbuka kwamba Miller na Cumberbatch mwaka 2011 walicheza pamoja Frankenstein jukwaani London, katika National Theatre, wakibadilishana usiku huu mmoja daktari na mwingine kiumbe chake, kisha kesho yake wanageuza. Walijuana vizuri kabla kila mmoja hajavaa Sherlock wake.

Halafu mtafute Brett. Anza na kesi za mwanzo za 1984 akiwa na David Burke. Na ukipata nakala ya Kisima cha Giningi kwenye maduka ya vitabu vya zamani, nunua mbili, moja unitumie mimi. Yangu iliazimwa na haijarudi.